Filamu yetu ilichangiwa na vikoba 14 vya Tanga. Pesa iliingia vizuri, tulikwama kwenye kuiuza kwa simu

#1 Mleta uzi, Tanga

Wakuu, salaam.

Kuna kauli nimeisikia tangu naanza kazi ya filamu: "Mtanzania hachangii sanaa." Nimeisikia kwa wasambazaji wa Kariakoo enzi za DVD, nimeisikia kwa waigizaji wenzangu, na mwishoni mwa 2021 niliitamka mwenyewe nikiwa nimekata tamaa. Leo naleta habari yetu yote na hesabu zake, maana kauli hiyo si kweli na inawakatisha tamaa vijana wenye kazi nzuri mkononi.

Tulikuwa watu watano. Tulikuwa na skripti ya dakika 40 kuhusu mama muuza samaki wa kukaanga pale Deep Sea aliyenaswa na mikopo ya riba kubwa, ile tunayoiita kausha damu. Bajeti yetu ilikuwa shilingi milioni 6: kukodi kamera na taa, chakula cha watu 17 kwa siku 9, nauli, kibali, uhariri na posho ndogo za waigizaji. Wanaoijua kazi hii wanajua kwamba hapo tulikuwa tumejibana sana.

Jaribio la kwanza tulifanya kama tulivyoona wenzetu wa nje wanafanya. Tukatengeneza bango zuri, tukaweka namba ya simu ya mweka hazina, tukalitupa WhatsApp na Instagram. Tukajipa siku 60. Siku 60 zilipoisha tulikuwa na shilingi 640,000 kutoka kwa watu 41, na 29 kati yao walikuwa ndugu zetu wa damu. Kumbukeni pia ndio kwanza tozo za miamala zilikuwa zimeanza, Julai 2021. Hata baada ya serikali kuzipunguza kwa asilimia 30 mwezi Septemba, mtu wa Pongwe anayetaka kukutumia 2,000 alikuwa anapiga hesabu ya makato kwanza, halafu anaahirisha.

Tuliwapigia wote 41, mmoja mmoja, tukauliza: turudishe au tuiweke? Watatu wakaomba yao, jumla 35,000, tukawarudishia siku ile ile. Tukabaki na 605,000 na aibu.

Kilichonifungua macho ni filamu ya Kihindi ya mwaka 1976 inayoitwa Manthan, ya mwongozaji Shyam Benegal. Inahusu wafugaji wa Gujarat wanaoanzisha ushirika wa maziwa. Waliotoa fedha za kuitengeneza ni wafugaji wenyewe, watu 500,000, kila mmoja rupia 2. Mwanzoni mwa filamu imeandikwa kwamba wanaoileta ni wakulima hao. Ilipotoka, walikuja mjini kwa malori na mabasi kuiangalia, kwa sababu ilikuwa yao. Ikapata tuzo ya taifa ya India, ikapelekwa kuwania Oscar, na mwaka 2024 nakala yake iliyokarabatiwa ikaonyeshwa Cannes. Miaka 48 baadaye!

Nikajiuliza: mwaka 1976 hakukuwa na intaneti wala simu za mkononi. Nani aliwafikia watu laki tano? Jibu ni kwamba hakuna aliyewatafuta mmoja mmoja. Walikuwa na chama chao tayari. Kila siku walikuwa wanapeleka maziwa kituoni, yanapimwa, yanaandikwa, wanalipwa. Verghese Kurien, aliyeujenga ushirika ule, alikuwa amehangaika nao miaka mingi kabla ya kuwaomba rupia 2. Uaminifu ulikuwepo kabla ya filamu.

Sasa na sisi tuna nini cha namna hiyo? Tuna vikoba, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Vimejaa kila mtaa.

Tukafunga safari. Kikundi cha kwanza kilikuwa Makorora, akina mama 31, wamekaa uwani na sanduku lao lenye kufuli tatu. Nikajiandaa kuwaeleza hadithi, wahusika, ujumbe. Mwenyekiti akanisikiliza dakika tano, akauliza swali moja: "Hesabu mtatuletea kila lini, baba?" Hakuuliza nani anaigiza. Nikasema kila Jumamosi. Akageukia wenzake: "Mmesikia, kila Jumamosi." Wakachanga wiki iliyofuata.

Kuanzia Machi 2022 hadi Oktoba tulipita vikundi 14, kuanzia Ngamiani, Chumbageni na Pongwe mpaka Muheza. Waliochangia ni watu 396, shilingi 10,000 kila mtu, wengine kwa awamu nne. Hiyo ni 3,960,000. Jumlisha 605,000 ya mwanzo inakuwa 4,565,000. Iliyobaki, 1,435,000, tulitoa sisi watano mifukoni, 287,000 kila mmoja. Milioni 6 ikatimia.

Mchango haukuja kwangu kwa simu 396. Kila mwanachama alitoa kwenye kikao mbele ya wenzake, mweka hazina wao akaandika, halafu akatuma kwa mkupuo kila tulipohitaji. Makato yakawa ya kikundi, si ya kila mtu.

Mengine nitaendelea kesho, umeme wa huku unasumbua.

#2 Mjumbe, Mwanza

Mkuu, pongezi, lakini naomba nikupinge kidogo. Watu wengi wanatolea mfano wa harusi, kwamba Mtanzania anachangia milioni 20 za harusi kwenye kundi la WhatsApp, basi filamu atashindwaje. Harusi ni deni. Mimi nikimchangia 100,000 mtoto wa jirani, najua kesho wa kwangu akioa atanirudishia. Nisipochangia, siku yangu nitakaa peke yangu. Filamu inanirudishia nini? Hao akina mama 396 walikuhurumia, ukirudi mara ya pili watafunga mlango.

#3 Mjumbe, Dodoma

Nimeweka kiti hapa. Mleta uzi, endelea.

#4 Mleta uzi, Tanga

Mkuu wa Mwanza, hoja yako ni nzito na ndiyo iliyotuangusha mara ya kwanza. Lile bango letu la 2021 lilikuwa linaomba. Halikuwa na kitu cha kurudisha.

Safari ya pili tuliahidi mambo matatu na tukayaandika kwenye karatasi ya kila kikundi: jina la kila mchangiaji litaonekana mwishoni mwa filamu, kila mchangiaji ataiona bure, na onyesho litakuja mtaani kwao, wao hawatapanda daladala kulifuata. Zaidi ya hapo tukawapa skripti waisikie. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ni jambo nisilolitarajia.

Tuliandika kwamba wakusanya madeni wanakuja usiku, wamelewa, wanapiga mlango. Mama mmoja wa Chumbageni akasimama akasema hapana, mwanangu, hawaji usiku. Wanakuja saa mbili asubuhi, wamevaa vizuri, wanasalimia, wanakaa kwenye kiti chako nje ili majirani wote wapite wawaone. Hawapigi kelele. Wanasubiri tu. Ukitoka hawajaondoka. Ndipo unatoa godoro mwenyewe.

Ukumbi mzima ulinyamaza. Tulifuta kurasa sita tukaandika upya, na hiyo ndiyo sehemu watu waliyolia kila tulipoionyesha. Mwandishi wa Dar mwenye kompyuta nzuri asingeiandika ile, na mimi mtoto wa Tanga sikuijua.

Kwa hiyo mkuu, ukiniuliza filamu inamrudishia nini: inamrudishia kisa chake mwenyewe kikiwa kimesimuliwa sawasawa, na anaiona pamoja na jirani yake aliyemdhihaki siku ile godoro lilipobebwa. Huruma haihusiki. Walikuwa na haja ya jambo hilo kusemwa.

Maonyesho: tulifanya tisa, mwaka 2023, kwenye kumbi za harusi na madarasa ya shule. Tiketi shilingi 1,000 kwa asiyechangia. Tuliuza 1,870. Mchangiaji aliingia bure, akaja na mume, dada, na watoto wa jirani. Gharama za kumbi, projekta na jenereta zilikula 790,000. Tukabaki na 1,080,000. Baada ya hapo vikundi vya Korogwe na Handeni vikasikia, vikatuita. Tuliwatoza 150,000 kwa mwaliko, na mialiko ilikuwa 11, sawa na 1,650,000.

Bado hatujafika milioni 6, nalijua hilo. Sijaja kuwaambia tumetajirika.

#5 Mjumbe, Hamburg

Salaam kutoka ughaibuni. Niongezee kuhusu hizi tovuti za nje za kuchangisha fedha, kwa sababu kila mwezi napigiwa simu na kijana wa nyumbani anataka nimfungulie Kickstarter.

Kwanza, Kickstarter haimruhusu mtu anayeishi Tanzania au Kenya kufungua mradi wake. Nchi zinazoruhusiwa ni chache na hakuna hata moja ya Afrika. Lazima mwenye mradi awe mkazi wa nchi husika, awe na akaunti ya benki ya huko, na kodi itaandikwa kwa jina lake. Ukinifanya mimi niwe mwenye mradi wako, mimi ndiye nitakayedaiwa ukishindwa kumaliza.

Pili, pale ni kupata yote au kukosa yote. Ukiweka lengo dola 10,000 ukafika 9,000, hupati hata senti, wachangiaji hawakatwi. Ukifanikiwa, wao wanachukua asilimia 5, na wanaosafirisha malipo wanachukua yao juu yake.

Tatu, na hili linaungana na alilosema mleta uzi. Mwaka 2013 kulikuwa na mradi wa filamu ya Veronica Mars. Walitaka dola milioni 2, wakazipata chini ya saa 12. Mwisho wakafunga na dola 5,702,153 kutoka kwa watu 91,585. Dunia nzima ikasema, tazama nguvu ya intaneti! Lakini Veronica Mars kilikuwa kipindi cha televisheni kilichokwisha rushwa kwa misimu mitatu na kukatishwa 2007. Wale watu walikuwa wanasubiri kwa miaka sita. Intaneti iliwakusanya tu, haikuwazaa. Hata vikoba vya Tanga havikuzaliwa na filamu yako, mkuu.

Na hata wale wakubwa walikwama kwenye kufikisha. Mwaka 2014 filamu ilipotoka, waliochangia walipewa nakala ya kidijitali kupitia huduma moja tu iliyochaguliwa na studio, wengi ikawagomea, wakalalamika kweli kweli. Warner Bros. ikabidi iwarudishie fedha walioamua kuinunua kwingine. Kwa hiyo kukusanya na kufikisha ni kazi mbili tofauti, na ya pili ndiyo inayoumiza.

#6 Mjumbe, Nairobi

Hamjambo wadau. Huku kwetu harambee tumezaliwa tukaikuta, na M-Pesa tangu Machi 2007 imeifanya iwe rahisi. Kuna M-Changa, ilianza 2012, inakupa ukurasa na namba ya malipo, kila mtu anaona kiasi kilichoingia. Inatumika sana kwa bili za hospitali, mazishi na karo. Filamu zinapita pale mara chache. Nafikiri ni kwa sababu aliyosema ndugu wa Mwanza: ugonjwa hauhitaji maelezo.

Ningependa kugusa upande wa kuuza. Hapa wasanii wamepigana miaka mingi kuhusu Skiza, zile nyimbo mtu anazosikia akikupigia. Pesa ilikuwa inakatwa na mtandao wa simu, inapita kwa kampuni za katikati, mwenye wimbo anafika mwisho kabisa wa foleni. Mwaka 2022 sheria ya hakimiliki ilirekebishwa, ikaandikwa kwamba mgao wa mwenye kazi usipungue asilimia 52. Sheria kuandikwa ni jambo moja, kuona pesa kwenye simu yako ni jambo jingine, lakini angalau sasa msanii ana kifungu cha kusoma mbele ya meza.

Nataka pia watu wakumbuke ile huduma ya bure ya Netflix kwa simu za Android hapa Kenya. Ilianza Septemba 2021, ikafungwa Novemba 2023. Mimi naona kumwonyesha mtu bure kwenye simu hakumfanyi alipe baadaye. Ikiwa kampuni ya ukubwa ule ilirudi nyuma, mtayarishaji mdogo asidhani akiweka filamu yake kwenye simu za watu basi wateja watajileta.

#7 Mjumbe, Dodoma

Kichwa cha uzi kinasema mlikwama kwenye kuuza kwa simu. Hapo ndipo nasubiri.

#8 Mleta uzi, Tanga

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa Pangani.

Baada ya maonyesho tukapata wazo: filamu ikatwe vipande vinane vya dakika tano, mtu anunue kipande kwa salio la simu. Vodacom, Airtel, mitandao yote ina huduma za namna hii. Mteja anabonyeza namba fupi, anakatwa shilingi mia mbili tatu, anapata kiungo. Kwa akina mama wetu wasio na kadi ya benki, salio ndiyo pochi. Wazo lenyewe bado naliamini.

Kwa anayeanza, aelewe njia ya shilingi ilivyo. Wewe mwenye filamu huzungumzi na mtandao wa simu moja kwa moja. Mtandao una mkataba na kampuni ya maudhui, ambayo ndiyo yenye namba fupi. Mteja akikatwa 300, kwanza inaondolewa kodi, kisha mtandao unachukua sehemu yake, na hiyo mara nyingi ndiyo kubwa. Kinachobaki kinaenda kwa kampuni ya maudhui, inachukua yake. Kilichosalia ndicho mnachogawana kwa mkataba. Ukiona kwenye mkataba umeandikiwa asilimia 50, uliza: hamsini ya nini? Ya 300, au ya kile kilichobaki baada ya wengine wote kula? Sisi hatukuuliza. Tuliona 50 tukafurahi.

Kampuni tuliyoingia nayo siitaji, na si kwa kuiogopa, ila nia yangu watu waelewe mfumo. Miezi saba ilipita bila taarifa. Nikipiga simu naambiwa "mfumo unasoma". Mwezi wa nane ikaja barua pepe yenye mstari mmoja: shilingi 83,400. Hakuna idadi ya wanunuzi, hakuna mtandao upi, hakuna mwezi upi. Nikaomba mchanganuo, nikaambiwa mkataba hauwalazimu kutoa. Nikausoma tena mkataba. Ni kweli, hauwalazimu.

Sasa fikirieni. Mimi kila Jumamosi kwa mwaka mzima nilikuwa nawasomea akina mama wa Makorora matumizi mpaka ya mkaa wa kupikia, halafu narudi kwao na karatasi yenye mstari mmoja. Mwenyekiti akaitazama akaniuliza, "Na hawa daftari lao liko wapi?" Sikuwa na jibu. Niliona aibu kuliko ile ya 2021.

Wakuu, jambo hili si geni nchini. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru wanamuziki AY na MwanaFA walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2.1 na mtandao wa Tigo, kwa nyimbo zao mbili kutumika kama miito ya simu bila ridhaa yao. Kesi ile ilichukua miaka na rufaa zikafuata, lakini ilionyesha kwamba muito wa simu ambao watu waliuona kitu kidogo una thamani ya fedha nyingi. MwanaFA huyo huyo alichaguliwa Mbunge wa Muheza mwaka 2020, na Februari 2023 akateuliwa Naibu Waziri kwenye wizara ya sanaa. Kwa hiyo anayejua machungu ya jambo hili alifika serikalini. Ombi langu kwa wanaosimamia sekta ni moja, dogo sana: kila kampuni yenye namba fupi ilazimishwe kumwonyesha mwenye kazi mauzo ya kila siku. Mitandao inayo taarifa hiyo. Wakala wa kibandani anaona muamala wake sekunde ile ile, na mimi mwenye filamu nasubiri miezi saba. Kwa sababu gani?

#9 Mjumbe, Dar es Salaam

Mimi niko YouTube tangu 2017, nichangie kwa ufupi. Huko angalau takwimu unaziona mwenyewe. Tangu 2018 sharti la kulipwa matangazo ni wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na kwenye video ndefu wewe unapata asilimia 55. Tatizo ni kwamba tangazo linalooneshwa kwa mtazamaji wa Tanzania linalipiwa kidogo sana ukilinganisha na la mtazamaji wa Ulaya, kwa hiyo watazamaji wetu laki moja wanaweza kukuletea fedha kidogo kuliko wachache wa London. Ndiyo maana wenzangu wengi wanafukuzia udaku, unaleta watu wengi haraka. Filamu ya dakika 40 yenye ukimya, kama hiyo ya godoro, inateseka pale.

Na mtazamaji analipa bando. Dakika 40 zenye picha safi ni MB nyingi. Kwake filamu si ya bure hata kama wewe umeiweka bure. Fedha yake imekwenda, ila imekwenda kwenye mtandao wa simu na wewe hujaiona.

Halafu tusisahau kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018. Ada za maombi, leseni na mwaka zilifika kama shilingi milioni 2.1. Zimelegezwa baadaye, lakini kipindi kile nilifunga chaneli miezi mitano. Milioni 2.1 ni zaidi ya theluthi ya bajeti ya filamu ya mleta uzi.

#10 Mjumbe, Moshi

Kabla watu hawajakimbilia kuiga, tahadhari ya kisheria. Nafanya kazi za sheria, ingawa hapa natoa elimu tu.

Mchango wa kupewa tiketi na jina lako kuandikwa ni zawadi au ununuzi wa mapema. Hauna shida kubwa. Lakini ukimwambia mtu "toa 10,000 utagawiwa faida", umeingia kwenye uwekezaji wa umma, na huko kuna Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na sheria yake ya 1994. Wamarekani waliruhusu kampuni ndogo kuchangisha mitaji kwa umma kwa sheria ya 2012, na utekelezaji wa kipengele hicho ukaanza 2016. Wakenya walitunga kanuni zao za uchangishaji wa mitaji mwaka 2022. Wote waliona haja ya kumlinda mchangiaji mdogo, na wana haki.

Swali kwa mleta uzi: ile milioni 2 na ushee mliyopata, mliigawa?

#11 Mleta uzi, Tanga

Swali zuri, na nashukuru umeuliza hadharani.

Hatukuigawa. Jumla ni 1,080,000 ya maonyesho, 1,650,000 ya mialiko na 83,400 ya simu: 2,813,400. Ukigawa kwa watu 396 ni kama 7,100 kila mmoja. Hatukuwa tumeahidi faida popote, kwa hiyo tulipeleka hesabu kwa vikundi vyote 14 na kuuliza mnataka nini. Vikundi 12 vikasema ikae iwe mwanzo wa filamu ya pili. Viwili vikasema tuwanunulie projekta ya kuzungukia mitaani. Ikaamuliwa yote mawili: projekta ya mtumba ya 700,000, inakaa Makorora kwenye stoo ya mwenyekiti, na 2,113,400 iko benki kwenye akaunti yenye watia saini watatu, wawili ni wa vikundi. Sisi waigizaji na watayarishaji hatuwezi kutoa hata mia peke yetu.

Mkuu wa Mwanza, ulisema nikirudi mara ya pili watafunga mlango. Waliokwisha ahidi kuchangia filamu ya pili hadi leo ni 512.

#12 Mjumbe, Mwanza

Nimesoma tangu juu mara mbili. Naondoa neno langu la huruma.

Huku kwetu kwa pamba kuna AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, karibu kila kijiji. Babu yangu alikuwa mwanachama enzi za chama kikuu cha ushirika cha Nyanza, na mpaka anakufa alikuwa anatunza kadi yake kwenye bahasha. Nina hadithi ya mizani. Mkulima anapeleka kilo zake, mizani inasema vingine. Kila mwanakijiji hapa ana kisa chake cha mizani. Nimekuwa nayo miaka minne nikisubiri mfadhili. Nina woga mmoja: watu wa ushirika wameibiwa sana huko nyuma. Nikitaja neno mchango nitapigwa mawe.

#13 Mleta uzi, Tanga

Hiyo ya mizani itengeneze, kaka. Nimesisimka kusoma tu.

Kuhusu woga, una haki, na vikoba navyo vimewahi kulizwa. Sisi kilichosaidia ni kutoshika fedha. Fedha ilikaa kwenye sanduku la kikundi mpaka kufika siku ya matumizi, nasi tunapeleka ombi: "Wiki hii tunahitaji 210,000 ya kukodi taa." Wanatoa, tunaleta risiti Jumamosi, ndipo linafuata ombi lingine. Inachosha. Mara mbili tulisimamisha kazi nusu siku kwa kusubiri mtunza funguo wa tatu arudi kutoka shamba. Lakini hakuna aliyewahi kutuuliza fedha iko wapi, walikuwa nayo wao. Na anza na watu wachache. Usiende kwa chama kizima. Tafuta kundi la watu 20 au 30 wanaojuana kwa majina, uwasomee kisa cha mizani kama ulivyokiandika, na uwe tayari wakikuambia umekosea.

Kwa upande wa simu, mpaka nipate kampuni itakayonionyesha mauzo kila siku, filamu ya pili haiendi kwenye namba fupi. Tutazunguka na projekta. Ukipata kampuni ya namna hiyo huko, ndugu wa Nairobi nawe pia, mnijulishe hapa hapa.

Daftari letu lina kurasa nne: michango, maombi, matumizi na ahadi. Nitalipiga picha kesho asubuhi nikifika Makorora, liko kwa mwenyekiti. Mwanza, kikao cha AMCOS yenu kinakuwa siku gani?

#14 Mjumbe, Mwanza

Jumatano, baada ya kupima. Nitaanza na watu 22, wa mtaa wa mama yangu.